Kosa dogo la zamani Marekani na haki ya kumiliki bunduki: mwongozo kwa Wazanzibari na jamaa zao

Kuna Mzanzibari anayeishi Columbus au Minneapolis ambaye miaka kumi na mitano nyuma alipelekwa mahakamani kwa ugomvi wa nyumbani. Akakubali kosa, akalipa faini, siku ya pili akaenda kazini. Hakufungwa hata saa moja, na mpaka leo hajui kwamba siku ile alipoteza haki ya kushika bunduki, pengine maisha yake yote. Mwengine alilala jela miezi sita kwa wizi mdogo wa dukani, na anaamini hana tena haki hiyo. Huyu wa pili, kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, kwa kawaida anayo.

Mwongozo huu ni kwa Mzanzibari mwenye uraia wa Marekani au kadi ya ukaazi wa kudumu, na kwa jamaa zake walioko Unguja na Pemba, maana mara nyingi wao ndio wanaotumwa kufuatilia karatasi. Aliyeko Marekani kwa viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda asome aya hii tu: kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, awe na kosa asiwe nalo. Yapo machache yaliyoachiwa, kama mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, lakini asitegemee hilo bila ya kuzungumza na wakili.

Usianze na adhabu uliyopewa

Sheria ya silaha ya mwaka 1968 haiangalii hakimu alikupa nini. Inaangalia hakimu *angeweza* kukupa nini. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo kifungo chake cha juu kinazidi mwaka mmoja haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi. Kama alipewa faini, kifungo cha nje au mwezi mmoja, hilo halibadilishi kitu.

Kwa makosa madogo ya majimbo kuna nafuu. Kosa ambalo jimbo lenyewe linaliita dogo, na kifungo chake cha juu hakizidi miaka miwili, halihesabiwi katika marufuku hii. Ndiyo maana wizi mdogo wa dukani, kuendesha gari bila leseni, au kulewa hadharani, katika majimbo mengi hayamuondolei mtu haki.

Tatizo ni kwamba majimbo hayafanani. Massachusetts ina makosa inayoyaita madogo lakini yana kifungo cha hadi miaka miwili na nusu, na kuendesha gari ukiwa umelewa ni mojawapo. Nusu mwaka ile inatosha kumvusha mtu mpaka. Pennsylvania ina daraja la kwanza la makosa madogo lenye kifungo cha hadi miaka mitano. Maryland inaita shambulio la daraja la pili kosa dogo, na kifungo chake kinafika miaka kumi. Watu wengi husoma neno "dogo" kwenye karatasi ya mahakama wakapumua. Wasipumue mpaka waione namba.

Namba hiyo itafutwe katika sheria ilivyokuwa mwaka uliotiwa hatiani, kwani mabunge ya majimbo hupandisha na kushusha adhabu kila mara. Wakili au mkutubi wa maktaba ya sheria ya wilaya anaweza kukutolea toleo la mwaka huo. Unachohitaji kumpa ni kifungu ulichoshitakiwa nacho, na khasa kifungu ulichokubali mwishoni, kwa kuwa mashtaka hubadilishwa wakati wa makubaliano na mwendesha mashtaka.

Mahakama zimeanza kuuliza kama marufuku hii inafaa kwa kila mtu. Mwaka 1995 mkaazi mmoja wa Pennsylvania, Bryan Range, alikubali kosa la kusema uongo ili apate msaada wa chakula. Lilikuwa kosa dogo kwa jina, lakini lenye kifungo cha hadi miaka mitano. Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tatu iliamua mwaka 2023, na tena Disemba 2024, kwamba kumnyima yeye silaha ni kinyume cha Katiba. Mzunguko huo unahusu Pennsylvania, New Jersey, Delaware na Visiwa vya Virgin, na uamuzi ulikuwa juu ya hali yake yeye. Anayetaka kuutegemea apeleke dai mahakamani kwanza. Akinunua bunduki kwanza halafu akasubiri kujitetea, anajiweka katika hatari ya kifungo cha miaka kumi na mitano.

Ugomvi wa nyumbani: hapa ndipo watu wetu wanapoanguka

Mwaka 1996 Baraza la Kongresi lilipitisha nyongeza inayojulikana kwa jina la Seneta Lautenberg. Inamnyima silaha mtu yeyote aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo la ukatili wa nyumbani. Hapa ile nafuu ya miaka miwili haifanyi kazi. Hata kosa lenye kifungo cha juu cha siku thelathini linatosha. Na hukumu za kabla ya 1996 zimo pia, kwa hiyo aliyetiwa hatiani mwaka 1988 naye ameguswa.

Mambo mawili lazima yawepo. La kwanza, kifungu cha sheria ulichokubali kiwe kinataka matumizi ya nguvu juu ya mwili wa mtu, au jaribio la kuitumia, au kutishia kwa silaha ya kuua. Nguvu hiyo si lazima iwe ya kuumiza: Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2014 kwamba hata kumgusa mtu kwa namna ya kumkera inatosha, na mwaka 2016 ikasema kufanya hivyo kwa uzembe wa makusudi kunahesabika. Kusukuma mlangoni, kuvuta mtandio, kunyang'anyana simu, vyote vinaweza kuingia.

La pili ni uhusiano wenu. Kifungu chenyewe hakihitaji kutaja mke au mume. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 2009. Karatasi yako inaweza kuwa imeandikwa "shambulio" tu, na bado ikahesabika kwa sababu aliyepigwa alikuwa mkeo. Orodha ya serikali kuu inamtaja mke au mume wa sasa au wa zamani, mtu uliyezaa naye, mtu anayeishi nawe au aliyeishi nawe kama mke au mume, na mtu aliye katika nafasi inayofanana na hiyo. Inamtaja pia mtoto wako, au mtoto uliye mlezi wake.

Tuisome orodha hiyo kwa maisha yetu. Ndoa ya kadhi isiyoandikishwa serikalini haikutoi, kwa sababu kuishi pamoja kama mke na mume kunatosha. Mke wa pili, ambaye sheria ya Marekani haitambui ndoa yake, bado anaweza kuwa mtu aliyeishi nawe kama mke, au mama wa mtoto wako. Talaka haikutoi, kwa kuwa wa zamani ametajwa waziwazi. Na mzazi aliyemchapa mwanawe fimbo, skuli ikaona alama na kupiga simu polisi, akatiwa hatiani kwa shambulio dogo, naye yumo. Hili la mtoto linawakuta wazee wetu bila kutarajia, kwani wao wanaona ugomvi wa nyumbani ni wa mke na mume tu. Wengi wetu tunalea watoto wa ndugu. Ukiwa mlezi wa mpwa wako, mpwa huyo ni sawa na mwanao mbele ya kifungu hiki.

Wasiomo kwenye orodha ya serikali kuu ni kaka na dada, shemeji, mkwe, na binamu. Ukipigana na ndugu yako tumbo moja na ukatiwa hatiani kwa kosa dogo, nyongeza ya 1996 haikugusi. Sheria ya jimbo lako inaweza kukugusa.

Wapenzi wasioishi pamoja waliingizwa na sheria iliyotiwa saini 25 Juni 2022, kwa hukumu za kuanzia siku hiyo tu. Kwao kuna mlango wa kutokea usiopatikana kwa wengine: kama ni hukumu moja tu, haki inarudi baada ya miaka mitano, mradi hukutiwa hatiani tena kwa kosa la aina hiyo, kosa jengine la nguvu au kosa lolote linalomnyima mtu silaha. Miaka inaanza kuhesabiwa pale adhabu na uangalizi wa mahakama (probation) vilipokwisha, ikiwa hapo ni baada ya siku ya hukumu. Aliyehukumiwa Machi 2023 na kumaliza uangalizi Machi 2025 anahesabu mpaka Machi 2030. Mume, mzazi na aliyezaa na mlalamikaji hawana mlango huu.

Iko kinga moja ambayo watu wanaozungumza Kiswahili waiangalie kwa makini. Hukumu ya ukatili wa nyumbani haihesabiki kama hukuwa na wakili na hukumkataa kwa kujua na kwa hiari, au kama ulikuwa na haki ya baraza la wazee wa mahakama (jury, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) na hukuiacha kwa kujua na kwa hiari. Aliyetia saini ya kumkataa wakili kwa Kiingereza asichokielewa, bila mkalimani, amwambie wakili wake jambo hilo siku ya kwanza. Kumbukumbu za kikao huonyesha kama mkalimani aliitwa na kwa lugha gani. Wako walioletewa mkalimani wa Kiarabu au wa Kisomali kwa sababu ya majina yao tu.

Hukumu ya Unguja au Pemba

Kijana wa Wete aliyewahi kutozwa faini na mahakama ya nyumbani, kisha akahamia Marekani, anauliza kama hukumu hiyo inamfuata. Kwa marufuku ya serikali kuu jibu ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2005, katika kesi ya Gary Small aliyekuwa amefungwa Japani, Mahakama ya Juu ilisema kwamba maneno "mahakama yoyote" katika sheria ya silaha yana maana ya mahakama za Marekani. Hukumu ya Mwanakwerekwe au Chake Chake haimo. Nyongeza ya ukatili wa nyumbani nayo inataja makosa chini ya sheria za serikali kuu, za majimbo, za mitaa na za makabila ya asili ya Marekani, basi.

Lakini majimbo yana maneno yao, na afisa anayetoa kibali cha jimbo anaweza kuuliza habari za kokote duniani.

Na Uhamiaji ni jambo jengine kabisa. Fomu ya kuomba uraia inauliza ukamatwaji na hukumu popote ulimwenguni. Mtu akisikia kwamba hukumu ya Zanzibar haihesabiki kwa bunduki, akaandika "hapana" kwenye fomu ya uraia, amejitengenezea kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Nakala ya hukumu iombwe kwa karani wa mahakama iliyotoa uamuzi. Jamaa anayetumwa apewe hati ya uwakilishi, namba ya kesi kama ipo, mwaka, na jina la mshtakiwa kama lilivyoandikwa wakati ule. Hukumu ikiwa kwa Kiswahili, tafsiri ya Kiingereza iambatanishwe na maelezo yaliyotiwa saini na mfasiri kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi. Andika pia kifungu na mwaka wa sheria: kesi za karibuni ziko chini ya Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, na za nyuma yake chini ya Namba 6 ya 2004. Namba ni ileile, kwa hiyo bila mwaka msomaji atakwenda kwenye sheria siyo.

Kukusanya karatasi

Kazi hii ifanywe kabla ya kuingia duka la silaha, na ifanywe kwa mpango huu.

1. Omba kumbukumbu zako FBI. Ada ni dola 18, na wanataka alama za vidole vyote kumi. Aliyeko Zanzibar anaweza kuchukuliwa alama kwenye kadi ya kawaida ya FBI, namba FD-258, akaituma kwa posta. Wino ukiwa mwingi au kidole kikiteleza kadi hurudishwa, kwa hiyo tuma kadi mbili au tatu. Waliofanya kazi ya mikono kwa miaka, wakulima wa karafuu na wavuvi, mistari ya vidole vyao hufifia: wapake mafuta mikono siku kadhaa kabla, na waifute kavu wakati wa kuchukuliwa alama.

2. Omba kumbukumbu za polisi wa jimbo. Mara nyingi zina kilichokosekana FBI, na mara nyengine zina makosa yasiyokuwepo FBI.

3. Nenda kwa karani wa mahakama iliyokuhukumu na uombe nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka, fomu ya kukubali kosa, hukumu, na kumbukumbu za kikao kama zipo. Karatasi ya polisi inayosema "amekamatwa kwa shambulio" haitoshi kuonyesha ulitiwa hatiani kwa nini. Faili likiwa limeharibiwa kwa uzee, omba barua ya karani inayosema hivyo, yenye muhuri.

4. Tafuta amri za kumzuia mtu kumkaribia mwenzake. Amri ya namna hiyo ikiwa bado hai, iliyotolewa baada ya wewe kupewa taarifa na nafasi ya kusikilizwa, na inayokidhi masharti ya sheria, inakunyima silaha hata kama hukutiwa hatiani kwa lolote. Mahakama ya Juu iliithibitisha marufuku hiyo Juni 2024 katika kesi ya Rahimi.

5. Peleka yote kwa wakili wa jimbo lile lililokuhukumu, ambaye anajua silaha na uhamiaji kwa pamoja. Kama hawezi yote mawili, tafuta wawili.

Maswali ya kumuuliza wakili yaandikwe: kifungu nilichokubali ni kipi, kifungo chake cha juu kilikuwa kingapi mwaka ule, kinahitaji nguvu au hakihitaji, aliyedhurika alikuwa nani kwangu, na jimbo ninaloishi sasa lina marufuku yake? Swali la mwisho husahauliwa na wanaohama. California, kwa mfano, ina orodha ya makosa madogo yanayomnyima mtu silaha kwa miaka kumi, mengi yakiwa hayamo katika sheria ya serikali kuu. Illinois, New Jersey, Massachusetts na New York zina vitambulisho au vibali vyao vinavyotakiwa, na huko mtu hukataliwa kabla hajafika dukani.

Dukani

Muuzaji mwenye leseni atakupa Fomu 4473. Maswali yake ndiyo sheria yenyewe kwa ufupi. Moja linauliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo hakimu angeweza kukufunga zaidi ya mwaka mmoja, hata kama ulipata adhabu fupi au uangalizi tu. Maelezo ya fomu yanaeleza nafuu ya kosa dogo la miaka miwili, kwa hiyo yasomwe kabla ya kujibu. Jengine linauliza juu ya kosa dogo la ukatili wa nyumbani. Liko swali la mtumiaji haramu wa dawa za kulevya: bangi inaingia hata katika jimbo lililoiruhusu, na mirungi mibichi pia, kwa kuwa kemikali yake kuu imo katika orodha ya juu kabisa ya dawa zilizopigwa marufuku.

Jibu la uongo lina kifungo cha hadi miaka kumi, hata kama bunduki hukuipata.

Baada ya hapo muuzaji anawasiliana na mfumo wa ukaguzi wa NICS, ulioanza 30 Novemba 1998. Majibu ni matatu: endelea, subiri, umekataliwa. Ukiambiwa subiri na siku tatu za kazi zikapita bila jibu, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji kukupa silaha, ingawa majimbo kadhaa hayamruhusu, na walio chini ya miaka 21 wana utaratibu mrefu zaidi. Watu hufikiri kupewa baada ya siku tatu ni ushahidi kwamba wako salama. Si ushahidi. Kama kosa lako linakuzuia, bunduki uliyopewa ni bunduki unayoimiliki kinyume cha sheria, na hufuatwa nyumbani.

Ukikataliwa, chukua namba ya muamala, omba sababu kwa FBI au kwa ofisi ya jimbo iliyofanya ukaguzi, kisha kata rufaa na zile nakala zilizothibitishwa. Kwa sheria nyengine ya mwaka 2022, kukataliwa kunaripotiwa kwa polisi wa eneo lako. Hii ndiyo sababu ya kutokwenda dukani kujaribu bahati.

Wazanzibari wana shida ya ziada ya majina. Wenye kuitwa Mohammed Ali au Khamis Juma ni wengi, jina la babu huwekwa mahala pa jina la ukoo kwenye karatasi moja na jina la baba kwenye nyengine, na wazee wasiokuwa na cheti cha kuzaliwa wameandikiwa 1 Januari. Mtu anaweza kusubirishwa kila mara kwa kosa la mwengine. Dawa yake ni faili la hiari la NICS: unatuma alama za vidole na karatasi zako, ukithibitishwa unapewa namba yako pekee, UPIN, ya kuandika kwenye Fomu 4473 kila unaponunua.

Kufuta kosa, na pale kufuta kusikosaidia

Hukumu iliyofutwa, iliyotenguliwa au iliyosamehewa kwa kawaida haihesabiki tena kwa marufuku ya silaha, isipokuwa kama amri yenyewe inasema mtu asimiliki silaha. Soma amri neno kwa neno. California ina utaratibu wa kuondoa hukumu baada ya kumaliza uangalizi, na sheria yake inasema waziwazi kwamba hauirudishi haki ya silaha. Kufungia faili ni kitu chengine: jalada linafichwa machoni pa watu, lakini hukumu ipo. Wyoming iliwahi kutunga utaratibu wa kufuta makosa ya ukatili wa nyumbani kwa ajili ya silaha tu. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa kumi ikasema hautoshi, kwa sababu hukumu ilikuwa inabaki na nguvu katika mambo mengine.

Ipo pia njia ya kurudishiwa haki za kiraia, yaani kupiga kura, kukaa katika baraza la wazee wa mahakama na kushika nafasi ya umma. Kwa kosa dogo la ukatili wa nyumbani njia hii mara nyingi haina faida, na sababu yake inawauma wengi: majimbo mengi hayamnyang'anyi mtu haki hizo kwa kosa dogo, na kisichonyang'anywa hakiwezi kurudishwa. Msamaha wa gavana unabaki kuwa njia thabiti zaidi kwa hukumu ya jimbo. Kwa hukumu ya mahakama ya serikali kuu ni msamaha wa Rais.

Sheria ina njia nyengine ya kuomba nafuu serikali kuu, lakini tangu 1992 Kongresi imekuwa ikiinyima ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, fedha za kushughulikia maombi ya watu binafsi. Machi 2025 Wizara ya Sheria iliiondoa kazi hiyo ATF ili kuifufua. Muulize wakili iko wapi siku unayomuona.

Mwenye kadi ya ukaazi asimame hapa asome taratibu. Uhamiaji wana maana yao ya hukumu. Ukikubali kosa na hakimu akakupa adhabu au sharti lolote, kwao ni hukumu, hata kama jimbo baadae lilifuta faili kwa sababu umemaliza masharti. Hivyo mtu anaweza kuwa huru kununua bunduki na wakati huohuo akawa anaweza kuondoshwa nchini kwa kosa lilelile la nyumbani. Na kukutwa na silaha isiyo halali kukiishia katika hukumu ni sababu ya kuondoshwa inayojitegemea, bila kujali umeishi huko miaka mingapi. Raia anahatarisha kifungo. Mkaazi anahatarisha kifungo, kisha ndege ya kurudi bila ruhusa ya kuingia tena.

Bunduki ya mwengine ndani ya nyumba

Mke ana haki yake. Mume aliyezuiliwa hawezi kumuondolea mkewe haki ya kumiliki bastola. Lakini kumiliki kwa sheria ya Marekani si lazima uwe umeshika mkononi: ukijua ilipo na ukawa na uwezo wa kuifikia, mahakama inaweza kusema unaimiliki. Bastola iwe ndani ya sefu ambayo mume hana ufunguo wala namba, na isiwekwe chini ya godoro wala ndani ya gari wanayoitumia wote. Risasi zimo katika marufuku ileile. Risasi moja iliyosahaulika kwenye droo imewapeleka watu gerezani.

Kumtuma ndugu akununulie kwa jina lake ni kosa linalobeba kifungo cha hadi miaka kumi na mitano, na yeye aliyetumwa ndiye anayeanza kukamatwa, kwa sababu saini ni yake.

Vijana wetu wengi huanza na kazi ya ulinzi. Kwa makosa mengi sheria inamuachia askari wa serikali atumie silaha ya kazini hata kama binafsi amezuiliwa. Kwa kosa dogo la ukatili wa nyumbani haimuachii, sembuse mlinzi wa kampuni binafsi. Kabla ya kulipia mafunzo ya mlinzi mwenye silaha, maliza hatua tano za juu.

Anayerudi nyumbani asitie bunduki, kipande cha bunduki wala risasi ndani ya kontena la vitu vya familia. Kutoa silaha Marekani kuna masharti ya leseni, na bandarini Malindi kibali cha Marekani hakina nguvu yoyote. Silaha huku ziko chini ya Jeshi la Polisi, ambalo ni la Muungano, na kibali huombwa na kupatikana kabla silaha haijaingia. Kama mwenye bunduki ameshazuiliwa na anasafiri, njia salama ni kumwambia wakili wake apange na muuzaji mwenye leseni au polisi wa eneo waichukue, huku yeye mwenyewe asiiguse wala kuisafirisha, na karatasi ya makabidhiano ibaki kwenye faili pamoja na zile nakala za mahakama.